Ganda la Shaba, Ganda la Chuma

Kaloleni, Nairobi
11 Februari 2024

Kwa mke wangu mdogo Mbinya,

Nakusalimu nikiwa hapa hapa verandani uliponiacha, mzima kabisa isipokuwa goti la kushoto, ambalo halijui kuandika na kwa hivyo halitakusumbua. Mama yako Wayua yuko salama. Anauza mitumba yake Gikomba na kugombana na kila mteja, na wateja wanarudi kesho yake kumalizia ugomvi. Kanisani wamenunua tarumbeta za plastiki. Nimesema plastiki, hukusoma vibaya. Nyekundu na buluu kama ndoo za kufulia. Mchungaji anasema ni nyepesi na hazihitaji kusuguliwa. Nikamwambia hata mahubiri yake ni mepesi na hayahitaji kusuguliwa. Sasa nasali nyumbani mpaka hasira zake ziishe.

Kweyu wa lori la mboga ameniletea barua yako, inanuka kitunguu. Nimeisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilicheka. Yaani wewe, uliyekuwa ukimkimbia jogoo wa jirani yetu Zahoro, ndiye wamekupa stoo ya silaha ya hifadhi nzima. Halafu wamekuletea risasi za aina mbili, moja ina ganda la shaba na nyingine ina ganda la chuma, wakakwambia uzijaribu mpaka mvua iishe, ndipo useme askari wa hifadhi wanunuliwe zipi. Na unamuuliza babu yako anaonaje, babu aliyeachia shule darasa la nne kwa sababu mwalimu alikuwa mjinga.

Basi sikia. Ganda la chuma ni sufuria iliyokosa kifuniko. Shaba ni laini, ina akili. Risasi ikilipuka ganda linavimba, linaziba kila pengo, moto wote unaenda mbele unakotakiwa. Likipoa linajirudia na kutoka kwa adabu kama mgeni aliyeshiba. Chuma hakivimbi hivyo. Kimekaza shingo kama karani wa kaunti ukimuuliza lini watarekebisha paa zetu. Moshi unapita pembeni yake unarudi ndani ya bunduki, masizi yanajaa, na kile kidole cha bunduki kinachovuta ganda litoke kinalika mapema. Tena wanakipaka vanishi kisishike kutu. Kitu kinachopakwa vanishi kina jambo kinalolificha.

Usiniulize nimejuaje. Miaka mingi nilisugua vyombo vya bendi kule kambi ya jeshi, na chumba cha bendi kilipakana ukuta na ghala ya silaha. Kila kitu nilikisikia.

Kweyu anabeba kopo la dawa yangu ya kusugulia shaba, ile ile unayoijua tangu utoto. Zile za shaba uzisugue zing'ae kabla wakubwa hawajaziona. Watu huchagua kinachong'aa. Hata wewe ulimchagua yule kijana wa viatu vinavyong'aa.

Mimi mumeo,
Muthama

* * *

Kambi ya Mto Mkavu
10 Machi 2024

Kwa Babu, mume niliyerithishwa kwa sababu ya jina la bibi,

Sijambo, na huku hatujambo, ila jua limeamua kukaa chini pamoja nasi. Msalimie mama, mwambie koti alilonitumia limemtosha kila mtu kambini isipokuwa mimi. Rudi kanisani, Babu. Unajua huwezi kukaa mwezi bila kuwa na mtu wa kumdharau siku ya Jumapili.

Kuhusu ukuta wenu na ghala ya silaha: na sisi Kaloleni tumepakana na zahanati miaka yote, na sijasikia umempasua mtu.

Hata hivyo nimesoma maneno yako na mengine ni kweli. Nimepiga aina zote mbili. Za chuma zinachafua bunduki, jioni nasafisha mara mbili. Lakini zinalipuka kila mara, na hizi bunduki zetu za zamani hazichagui chakula. Ndirangu, yule mnunuzi wetu, anazipenda za chuma, na ana hoja moja ambayo siwezi kuikataa. Sheria yetu ni kuokota kila ganda baada ya mazoezi. Ya chuma nafunga sumaku kwenye fimbo natembea nayo, yanarukia yenyewe. Ya shaba napiga magoti kwenye miiba kama mtu aliyepoteza pete ya ndoa.

Kopo lako limefika. Nilipolifungua machozi yalinitoka, nikakumbuka Jumamosi zote ulizonikalisha na tarumbeta za kanisa. Nimesugua sanduku lote la shaba. Mwenzangu Hodo, yule wa doria za ngamia niliyekusimulia, anasema zinang'aa kama meno ya mbunge wakati wa kura. Ndirangu ameziangalia, akaenda zake. Nilifurahi kidogo, sitakuficha.

Wako,
Mbinya

* * *

Kaloleni
24 Machi 2024

Mke wangu,

Salamu zako zimefika na nimezigawa. Mama yako amesema koti lirudi. Goti linaendelea na mambo yake.

Kwa hivyo huyo Ndirangu anachagua risasi kwa sababu inaokoteka. Mimi nikinunua viatu siulizi kama ni rahisi kuvitafuta vikipotea. Mwambie anunue kuku wa chuma, atawakusanya jioni kwa sumaku. Sijawahi kumwona huyo mtu lakini namjua: ana kalamu mbili mfukoni na zote hazina wino, na akinywa chai anaimimina kwenye kisahani. Mtu kama huyo usimpe chombo chochote kinachopasuka.

Huku nina kazi. Zahoro, huyu jirani wa kahawa, ameharibu mdila wake, lile birika la kahawa, mdomo umeng'oka. Nimemkalia siku nzima nikimfulia mdomo mpya wa shaba, kwa nyundo, bila moto, kama nilivyofundishwa. Mdomo umekaa mzuri kuliko wa Zahoro mwenyewe. Nikausugua kwa dawa mpaka akajiona ndani, akasikitika. Anasema Swahiba Muthama, wewe ungesilimu ningekupa kahawa bure. Nikamwambia kahawa yako hata bure ni ghali. Ndivyo tunavyopendana.

Sasa sikiliza mambo ya kazi. Kusugua mara moja hakutoshi. Huko kuna vumbi, shaba itafifia na Ndirangu atapata la kusema. Zisugue kila wiki, halafu uzifunge kwenye kitambaa kilicholowa dawa zilale nazo usiku, asubuhi uzifute. Hivyo ndivyo nilivyofanya ile tarumbeta kubwa ya mazishi, na marehemu wote waliridhika.

Na usiniambie tena habari za zahanati.

Muthama

* * *

Kambi ya Mto Mkavu
9 Juni 2024

Babu,

Salamu. Natumaini maji ya mafuriko hayakuingia ndani kwenu. Barabara yetu ilikatika tangu Aprili, lori halikupita, ndiyo maana kimya. Ile yako ya Machi iliwahi kabla barabara haijakatika, mbili za baadaye nimezipata leo kwa pamoja. Pole kwa mama kupoteza mzigo wa nguo kwenye maji.

Sisi ni wazima. Chakula kilipungua lakini hatukulala njaa, ngamia wana maziwa. Majaribio ya risasi yamesimama kwa muda. Hodo hayuko kazini kwa sasa.

Babu, ile dawa unaichanganya na nini?

Mbinya

* * *

Kaloleni
16 Juni 2024

Mke wangu,

Maji yalifika kizingitini, yakanitazama, yakarudi. Mama yako amelia siku mbili kwa ajili ya mzigo, siku ya tatu akaenda kuchukua mwingine, na kwa kuwa wateja wenyewe wamelowa wananunua bila kuuliza. Kwa hivyo usimsikitikie sana, anapenda kusikitikiwa.

Umeniandikia barua fupi kama ile ya kanjo wa jiji ya kumtoa mtu kwenye nyumba. Salamu, njaa, ngamia, kwaheri. Majaribio yamesimama kwa nini? Hodo hayuko kazini kwa nini? Ameoa? Amekuoa? Kama amekuoa mimi ndiye niliyetangulia, aje tuzungumze.

Kuhusu dawa. Hiyo dawa mafundi watatu wa Shauri Moyo wamenibembeleza niwaambie, mmoja akaniletea mbuzi, nikala mbuzi na sikusema. Nitamwambia mtu siku nikiwa karibu kufa, na bado sioni dalili. Ina chaki, ina mafuta ya taa, na ina siri. Wewe sugua.

Zahoro amenikasirisha. Mdomo wa mdila umepasuka. Umepasuka nyufa ndogo ndogo kwenye pindo, kama matope yaliyokauka. Nimemwambia ameuweka kwenye makaa bila maji ndani. Anaapa hajafanya hivyo. Mtu wa kahawa akiapa ujue kweli alisahau maji. Nimemwambia nitamtengenezea mwingine, lakini safari hii atausikia ulimi wangu kila siku mpaka Ramadhani ijayo.

Niambie kuna nini huko.

Muthama

* * *

Kambi ya Mto Mkavu
7 Julai 2024

Babu,

Nimechana barua tatu kabla ya hii, kwa hivyo salamu nimezimaliza kwenye hizo.

Mwisho wa Mei tulikuwa kwenye shabaha. Hodo alikuwa anapiga za shaba, nami nimesimama nyuma yake. Risasi ya nne au ya tano ilitoa mlio mzito usio wake. Hodo akaangusha bunduki akashika uso. Ganda lilikuwa limechanika ndani, moto ukarudi nyuma badala ya kwenda mbele, ukamchoma shavu na jicho la kulia. Daktari wa Isiolo anasema jicho litaona, ila polepole, na hakusema litaona kiasi gani.

Tulitoa risasi zote za shaba tukazikagua juani. Nyingi zina nyufa shingoni, nyembamba kama unywele. Za chuma hazina hata moja.

Mkuu wetu wa kambi, Bi Nafiso, akamleta mtaalamu wa silaha kutoka mjini. Alizigeuza tu mkononi akauliza kama tunafuga farasi. Akaeleza kwamba shaba iliyofinyangwa bila moto, kama maganda haya, hupasuka ikikaa kwenye mvuke wa amonia, na amonia hutoka kwenye mkojo wa wanyama. Tukasema farasi hatuna. Ndirangu akasema ngamia tunao. Akakumbusha kwamba wiki ya mafuriko stoo ilipovuja, Hodo ndiye aliyelinda sanduku la shaba, na Hodo analala karibu na zizi. Basi imeandikwa hivyo, kwamba Hodo aliweka risasi zizini, zikaharibika, akajiumiza mwenyewe. Anangoja kamati imfukuze.

Sanduku halikuingia zizini, Babu. Lilikaa chini ya kitanda changu siku zote hizo, kwa sababu nilikuwa nalisugua kila wiki na kulifunga usiku kwenye kitambaa chenye dawa, kama ulivyoniagiza. Hodo alilinda mlango tu. Nilikuwa nimekaa pale mtaalamu akisema, na sikufungua mdomo.

Nijibu swali moja, usinitanie. Ndani ya lile kopo kuna amonia?

Mbinya

* * *

Kaloleni
28 Julai 2024

Mke wangu Mbinya,

Nakusalimu, na huyo kijana nampa pole ya shavu. Mama yako hajui chochote, sikumsomea. Ameniuliza mbona sijasoma kwa sauti kama kawaida, nikamwambia mwandiko wako umeharibika. Huku tunaendelea. Wameanza kuweka taa mpya barabarani, nguzo zimefika, taa hazijafika, sasa tunagonga vichwa kwenye nguzo gizani.

Nimefikiria mambo yako. Kwanza, huyo mtaalamu. Mtu anayegeuza kitu mkononi mara moja na kujua kila kitu ni mganga, na waganga tumewaona hapa. Alikuja na gari la nani? Nani alimpa chakula cha mchana? Nina hakika ni wale wauzaji wa chuma. Wamekaa mahali wanacheka. Pili, Ndirangu. Nilikwambia kuhusu Ndirangu kabla hujaniambia. Tatu, shaba yenyewe. Siku hizi hakuna shaba, kuna takataka zilizopakwa jina. Wanayeyusha mabomba ya vyoo na vitasa vya milango wanakuuzia risasi. Shaba ya zamani ilikuwa haipasuki hata ukiitukana.

Na ngamia ni mnyama mchafu, hilo anajua kila mtu aliyesimama nyuma yake.

Kwa hivyo nakushauri hivi. Nyamaza. Wewe ndiye mtunza stoo, ukifungua mdomo wataanza na wewe. Umesoma kwa taabu, mama yako ameuza mitumba ukasoma, sasa ukatupe kazi kwa sababu ya harufu ya kopo. Huyo Hodo ni mtu wa ngamia, mtu wa ngamia hakosi ngamia. Atapata pengine.

Dawa ni dawa. Imesugua shaba ya mtaa huu tangu kabla mama yako hajazaliwa.

Muthama

* * *

Kambi ya Mto Mkavu
11 Agosti 2024

Babu,

Umejaza kurasa mbili na hukujibu.

Kamati inakaa Ijumaa tarehe thelathini. Hodo anatembea na kitambaa jichoni, na kila asubuhi ananiletea maziwa ya ngamia kwa sababu ameona sili vizuri. Anadhani naumwa. Ana mama mgonjwa kule Merti anayemtegemea yeye, na hao ngamia unaowasema ni wa hifadhi, yeye hana hata mkia.

Sitakuandikia tena mpaka unijibu.

Mbinya

* * *

Kaloleni
18 Agosti 2024

Mbinya,

Amonia ipo. Robo ya kopo, wakati mwingine zaidi nikiona kazi ni ngumu. Naipata kwa yule mwenye duka la kemikali, naibeba kwenye chupa ya soda. Ndiyo inayokutoa machozi.

Nilijua uliponiuliza mara ya pili. Au nilijua Zahoro aliporudi na mdila, sikumbuki vizuri, nilikuwa nafanya bidii nisijue. Nilimtengenezea ule mdomo wa pili. Niliufua kwa nyundo, nikausugua, nikaufunga kwenye kitambaa cha dawa, na sikumpa. Niliutundika msumarini juu ya kitanda changu, mbali na makaa, mbali na Zahoro na maapizo yake. Barua yako ya Julai ikaja. Nikausugua tena. Wiki iliyopita umepasuka ukiwa umetundikwa tu, hakuna aliyeugusa. Nimekaa nao mkononi kutwa, na Zahoro anapita anauliza, Muthama, leo mbona hututukani, unaumwa?

Huyo mtaalamu sasa nampa heshima yake, japo bado sipendi alivyogeuza kitu mara moja tu. Ndirangu simpi kitu.

Na yale niliyosema kuhusu mtu wa ngamia, usimsomee. Mengine yote unaweza kumsomea.

Kweyu amebeba barua mbili. Hii ni yako. Ile nyingine ni ya Bi Nafiso, usiifungue, maana nimejitahidi kwa mwandiko na kuna mahali nimejisifu. Nimemweleza kwamba mimi ndiye niliyekupa kopo, nikakwambia ni chaki na mafuta ya taa basi, na nikakulazimisha kusugua kama mume mkali. Nimemwambia wewe hukujua kitu, na huyo Hodo hakugusa kitu. Nimemwambia akitaka kumfukuza mtu anifukuze mimi, anitafute Kaloleni, nyumba ya kona nyuma ya ukumbi, aje na gari zuri majirani waone. Nimemwekea na ule mdomo wa mdila uliopasuka, umefungwa kwenye gazeti, autazame kwa macho yake.

Barua ifike kabla ya Ijumaa. Nimemwapisha Kweyu, naye akaniapia kwa jina la mama yake, ambaye namfahamu, na si mtu wa kuapiwa.

Babu yako

* * *

Kambi ya Mto Mkavu
8 Septemba 2024

Babu,

Salamu kwako na kwa mama, na kwa Zahoro. Mimi ni mzima, miguu ndiyo inauma, nitakwambia kwa nini.

Lori la Kweyu lilivunjika mhimili kabla ya kufika Isiolo. Barua zako zilifika Jumamosi. Kamati ilikaa Ijumaa.

Ijumaa nilisimama mwenyewe, bila jibu lako, kwa kuiamini pua yangu tu. Hodo alikuwa amekaa kwenye kiti peke yake, amevaa shati safi, kitambaa jichoni, na Ndirangu anasoma maandishi yake kuhusu zizi. Nikasema sanduku lilikuwa chini ya kitanda changu na nililisugua kwa dawa yenye amonia. Bi Nafiso akauliza dawa nimeipata wapi. Nikasema nilinunua amonia Isiolo nikachanganya mwenyewe, sikufundishwa na mtu. Sikutaka wakutafute, Babu. Una goti.

Siku iliyofuata Bi Nafiso akapokea barua yako.

Akaniita ofisini. Ameziweka mezani, maelezo yangu upande huu na yako upande ule, na ule mdomo wa mdila katikati. Akauliza, "Huyu Muthama ni nani kwako?"

Nikasema, "Mume wangu."

Akainua macho. "Anasema ana miaka themanini na moja."

"Nilirithishwa," nikasema.

Akacheka mpaka akatoa miwani, halafu akaivaa tena na kicheko kikaisha. Akasema, "Mmoja wenu ananidanganya, na huenda ni nyote wawili. Huyu mzee nimemsoma mpaka mwisho, amenitukana mahali pawili bila sababu. Lakini huyu siwezi kumtoa kazini. Wewe naweza."

Hakunifukuza. Ameninyang'anya stoo, niko kwenye doria ya miguu mpaka mwaka uishe. Funguo anazo Ndirangu. Majaribio yanaanza upya, masanduku mapya ya shaba na ya chuma, na Bi Nafiso amesema yeyote atakayeonekana na kitambaa karibu na risasi ataondoka siku hiyo hiyo. Ndirangu amenipa jina la ile dawa ya dukani ya kusugulia shaba, kila asubuhi ananiambia, "Mama Brasso, habari ya vumbi?" Namjibu ni njema.

Hodo amerudishwa kazini. Jicho linaona mwanga na vivuli, daktari anasema tungoje. Nilimwambia mwenyewe kabla ya kamati, siku ile ile asubuhi, nje ya mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Tangu Mei ulikuwa unajua?" Nikasema nilikuwa nashuku. Akaingia ndani.

Sasa ananisalimia. Maziwa haleti tena.

Mbinya

* * *

Kaloleni
22 Septemba 2024

Mke wangu Mbinya,

Nakusalimu kwa heshima ambayo sikuwa nayo mwezi uliopita, usiizoee. Mama yako sasa anajua kila kitu, nimemsomea barua zote mfululizo, akanitazama, akanipikia ugali bila mboga. Nimeula.

Kwanza, nani alikwambia udanganye kwamba umechanganya mwenyewe? Hujui hata kuchanganya chai. Nimekaa nikiandika uongo mzuri kwa ajili yako, nimepima kila neno, halafu unanitangulia na uongo mbaya. Huyo Bi Nafiso ni mwanamke mwenye akili, na mahali pawili nilipomtukana mwambie alistahili mahali pamoja tu, pale pengine kalamu iliteleza.

Ndirangu sasa ana funguo. Basi mjue mnalindwa na kisahani cha chai.

Dawa nimeimwaga. Nimechimba shimo nyuma ya choo nikaimwaga huko, na mmea uliokuwa hapo umekufa, ulikuwa ni bangi ya jirani, kwa hivyo mtaa umepata faida mara mbili. Sasa nasugua kwa ndimu na jivu. Inachukua kutwa, na shaba inatoka imepooza, kama mtu aliyeamka vibaya. Wateja wanalalamika. Zahoro nimemwambia ukweli kuhusu mdila. Nilidhani ananisamehe, kumbe anatafuta maneno. Amenitukana kwa Kiswahili cha Mombasa, mengine sikuyaelewa, na nimemshukuru kwa yote.

Kuhusu zile risasi, fikra zangu hazijabadilika. Shaba isiyoguswa na mpumbavu ni bora kuliko chuma, na mpumbavu nimeshakupa jina lake na anwani yake. Lakini mkichagua chuma, chagueni. Nitawadharau kutoka hapa verandani bila kukosa siku.

Huyo Hodo usimkimbilie na maneno. Umeshasema, yametosha, muache akusalimie hivyo hivyo. Ila mfikishie haya kutoka kwangu. Akipewa ruhusa kuja hospitali ya macho huku Nairobi, alale kwetu. Nitamsindikiza mwenyewe hadi kliniki, goti litake lisitake, na njiani ana ruhusa ya kuniambia chochote anachotaka, kwa lugha yoyote. Sitajibu. Muulize mama yako kama amewahi kuniona sijibu.

Muthama